Je, wajua? Kijiwe cha mfukoni humsaidiaje mtu kushika nia yake

Ukikaa kwenye baraza za Ujiji jioni, hutakosa kumwona mzee mwenye pete ya fedha iliyopachikwa akiki nyekundu. Pete za namna hiyo zimezoeleka, hazimshtui mtu. Kilichoingia karibuni ni mawe ambayo vijana wa Kigoma mjini wanaagiza kwa simu: ametisti ya kutuliza moyo, kwatsi (madini magumu yanayong'aa kama kioo) ya waridi ya mapenzi, sitrini ya kuvuta pesa. Kila jiwe huja na maelekezo yake: lishike asubuhi, tamka unachokusudia, kisha tembea nalo kutwa. Wengi walioyajaribu huapa kwamba yamewasaidia kuacha sigara, kupunguza hasira au kuweka akiba.

Wanadanganya? Hapana. Jiwe linaweza kumsaidia mtu kweli, ila kazi hiyo haifanywi na madini yaliyomo.

Tuanze na dai ambalo wauzaji hulipenda kuliko yote, kwamba jiwe lina mtetemo, ndiyo maana hata saa za mkononi hutumia kwatsi. Nusu yake ni kweli. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele ya kwatsi ikibanwa hutoa chaji ndogo ya umeme. Saa hutumia tabia hiyohiyo kinyumenyume: kipande chembamba kilichokatwa kwa vipimo hupewa umeme wa betri, nacho hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Betri ikiisha, saa husimama. Jiwe lililolala mfukoni halina betri wala sakiti, kwa hiyo halipigi mawimbi yoyote ya kumfikia aliyelibeba.

Dai la rangi nalo lina mushkeli. Zambarau ya ametisti hutokana na chembe za chuma ndani ya kwatsi pamoja na mnururisho, yaani mionzi, wa asili ulioko kwenye miamba. Ukiichoma kwa joto la mamia ya nyuzi, inageuka manjano au rangi ya machungwa. Sehemu kubwa ya sitrini inayouzwa duniani ni ametisti iliyochomwa hivyo. Kwa hiyo jiwe la utulivu likikaa kidogo kwenye tanuri linatoka likiwa jiwe la utajiri! Masonara na madalali wanalijua hili vizuri, maana hata tanzaniti ya Mererani nyingi hutoka chini ikiwa ya kahawia, na buluu yake huja baada ya kuchomwa.

Dai kwamba fuwele humfanya mtu ajisikie tofauti limewahi kupimwa. Mwanasaikolojia Chris French wa chuo cha Goldsmiths, London, aliwapa watu 80 mawe washike huku wakitafakari. Wengine walipewa fuwele halisi, wengine bandia, bila kujua nani kapata ipi. Matokeo aliyoyatoa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wenye bandia walisikia joto, msisimko na utulivu sawa na wenye halisi. Waliokuwa wameelezwa mapema watarajie nini ndio waliosikia zaidi.

Ujiji yenyewe ina historia inayofanana na hiyo. Katika karne ya 19 sokoni hapo watu walinunua vyakula kwa shanga za kioo zilizoitwa sofi, zilizoletwa na misafara kutoka pwani. Kioo kile hakikuwa na thamani yoyote ndani yake. Kilinunua kwa sababu muuzaji na mnunuzi walikuwa wamekubaliana kuwa kinanunua.

Basi msaada unatoka wapi? Nia nyingi hufa kwa kusahaulika, wala si kwa uvivu kama tunavyopenda kujilaumu. Asubuhi mtu ameazimia, mchana ameshikwa na shughuli, usiku ndipo anapokumbuka, na saa yenyewe imeshapita. Bibi zetu walilijua hilo, wakafunga fundo kwenye pembe ya kanga ili wasisahau walichotumwa. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kwamba nia hushika zaidi ikifungwa kwenye tukio maalumu: likitokea hili, nitafanya lile. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya jambo hilo, wakakuta kwamba mpango wa namna hiyo huwasaidia watu kutimiza malengo kuliko kuwa na lengo tupu.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, anayenunua mzigo mwaloni Kibirizi na kuutembeza mitaa ya Mwanga, hapo Kigoma. Anataka aweke pembeni shilingi elfu mbili kila siku, lakini kila jioni zimeshayeyuka: vocha, nauli, mkopo wa jirani. Akivaa kijiwe shingoni na kusema "nataka kuwa mtu wa akiba", hakitamsaidia sana, kwa kuwa shingoni si mahali pesa zinapopotelea. Akikiweka ndani ya kopo la mauzo, mambo yanabadilika. Kila anapoingiza mkono kutafuta chenji, vidole vinakutana na kitu baridi, laini, ambacho si sarafu wala noti. Na ameshajiambia neno moja tu: nikikigusa jioni wakati wa kuhesabu, elfu mbili zinatoka kwanza, ndipo nihesabu zilizobaki. Hapo jiwe limepata kazi.

Kitu kinachokumbusha kinatakiwa pia kiwe cha ajabu kidogo mahali kilipo. Watafiti wa Marekani, Todd Rogers na Katherine Milkman, waliwapa wateja wa mgahawa kuponi ya punguzo ya kutumia siku nyingine. Nusu yao waliambiwa kwamba siku hiyo kutakuwa na mwanasesere wa kiumbe wa anga karibu na keshia, awakumbushe. Katika kundi hilo asilimia 24 walikumbuka kutumia kuponi; katika kundi lingine, asilimia 17. Utafiti huo ulitoka mwaka 2016. Tofauti si ya kupigiwa vigelegele, lakini ilipatikana kwa mdoli tu.

Ajabu hiyo huchuja. Baada ya wiki kadhaa jicho huzoea, na jiwe linakuwa kama msumari ukutani. Dawa yake ni kulihamisha: kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kutoka kwenye kopo kwenda juu ya chaja ya simu, au kubadili jiwe lenyewe.

Kwa ugonjwa, hapana. Homa inataka kipimo cha malaria, na jiwe la "kuponya" litamchelewesha mgonjwa tu. Vilevile wanazuoni wengi wa Kiislamu, ambao hawana neno na pete ya akiki, huonya dhidi ya kuamini kwamba jiwe lenyewe linaleta heri au kuondoa shari.

Je, lazima ununue? Akiki, ametisti na sitrini zote ni jamii ya kwatsi, yenye ugumu wa karibu 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, kwa hiyo hazichubuki ovyo zikikaa na funguo. Malakaiti, jiwe la kijani lenye ugumu usiozidi 4, itaumia. Lakini sehemu ya miamba ya Kigoma nayo ni kwatsaiti, mwamba uliojaa kwatsi, na kokoto nyeupe iliyosuguliwa na Ziwa Tanganyika unaiokota bure ufukweni. Faida ya jiwe la kununua naiona moja: ukishalilipia, hulitupi ovyo, na watoto hawalichukui kuchezea bao.