Rimeki: Kraken hakutoka Ugiriki

Rimeki ni filamu mpya iliyojengwa juu ya filamu ya zamani: visa vyake, wahusika wake, mara nyingi hata jina lake. Maana yenyewe ni hiyo tu, haina ugumu. Ugumu ni jinsi neno linavyotumika ovyo. Mtu akiona filamu mbili zina Hercules, kwake moja ni rimeki ya nyingine. Akikuta Clash of the Titans ya 1981 na ya 2010, anasema hii ya pili ni pati tuu, yaani mwendelezo wa ya kwanza. Halafu yupo mjuzi anayesema ya 2010 si rimeki hata kidogo, eti kwa kuwa hadithi ni ya Wagiriki wa kale na haina mwenyewe. Huyu wa mwisho ndiye anayekera zaidi, maana nusu ya maneno yake ni kweli.

Tuanze na neno. Kiingereza kimeunga vipande viwili, cha mbele cha Kilatini chenye maana ya “tena”, cha nyuma cha Kiingereza chenyewe, “kutengeneza”. Sisi tukajaribu kusema “filamu iliyotengenezwa upya”, na hapo ndipo tulipojikwaa, kwa sababu kwetu kutengeneza ni kazi mbili. Seremala hutengeneza meza ambayo jana haikuwapo, na fundi redio hutengeneza redio iliyokufa. Ukiniambia filamu imetengenezwa upya, nina haki ya kufikiri kwamba mkanda ulichakaa, ukasafishwa mikwaruzo, rangi zikarudishwa. Hiyo nayo ni kazi, tena kazi ngumu, lakini ni ukarabati: waigizaji wale wale, picha zile zile. “Marudio” ni neno baya zaidi hapa. Marudio ni tamthilia ya jana usiku inayorushwa tena leo mchana kwa ajili ya waliolala mapema. Na wanaochanganya rimeki na rimiksi wakumbuke kwamba rimiksi huchukua sauti ile ile iliyokwisha kurekodiwa ikaipanga vingine, ilhali rimeki huanza na mkanda mtupu. Basi bora tubaki na rimeki, Kiswahili kimemeza makubwa kuliko hilo.

Sasa turudi kwa mjuzi wetu. Ni kweli Perseus, shujaa wa filamu zote mbili, ni wa Wagiriki. Katika masimulizi yao ni mwana wa Zeus, mfalme wa miungu, na mwanamke Danae, anatumwa akalete kichwa cha Medusa, yule mwenye nywele za nyoka ambaye ukimtazama unageuka jiwe, na akiwa njiani kurudi anamkuta Andromeda amefungwa mwambani. Baba wa binti ni Cepheus, mfalme wa Aithiopia, jina ambalo Wagiriki waliwapa watu weusi wa kusini mwa Misri na nchi zao, si lazima Ethiopia ya leo. Mama, Cassiopeia, alijigamba kwamba kwa uzuri anawapita Wanereidi, mabinti wa bahari, na Poseidon, mungu wa bahari, akaghadhibika akaleta mafuriko na dude la baharini ambalo Wagiriki waliliita ketos. Binti akafungwa ili aliwe na dude hilo; Perseus analiua, anamwoa.

Humo ndani Kraken, dude la baharini la filamu hizo, hayumo. Kraken ni wa mabaharia wa Norwei, kaskazini kabisa, na hakuna Mgiriki wa kale aliyemsikia. Calibos, adui wa Perseus kwenye filamu, hayumo. Bubo, yule bundi wa chuma, hayumo. Pegasus, farasi mwenye mabawa, yumo, lakini anazaliwa shingoni mwa Medusa baada ya kichwa kukatwa, na katika masimulizi ya kale anayempanda ni shujaa mwingine, Bellerophon. Perseus alikuwa na viatu vyenye mabawa, farasi wa nini? Medusa mwenyewe, kwa masimulizi ya Apollodorus, mwandishi wa Kigiriki, anakatwa kichwa akiwa usingizini, Perseus akitazama taswira yake tu kwenye ngao. Hana mkia wa nyoka, wala hashiki upinde.

Hayo yote yaliingia, au yaligeuzwa, mwaka 1981, na walioyaleta wanajulikana: Beverley Cross aliyeandika mswada, na Ray Harryhausen, fundi wa madude, ambaye hiyo ndiyo filamu ndefu yake ya mwisho. Harryhausen alifanya kazi kwa vikaragosi vyenye mifupa ya chuma: unasogeza mkono kidogo, unapiga picha moja, unasogeza tena. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Medusa wake anajikokota kwa mikono ndani ya hekalu lenye mwanga wa moto, mkia ukitoa mlio kama wa nyoka mwenye kayamba, mshale tayari upindeni. Kwa kazi ya namna hiyo, mkia wenye magamba una nafuu kubwa kuliko gauni linalopepea, ambalo kila mkunjo wake ungetaka kusogezwa kwa mkono.

Fungua sasa ya 2010, iliyoongozwa na Louis Leterrier. Kraken yumo. Calibos yumo. Perseus yuko juu ya Pegasus, safari hii mweusi. Medusa ana mkia na upinde, ingawa ni wa kompyuta. Mwalimu hamkamati mwanafunzi aliyenakili kwa majibu sahihi, maana hayo kila aliyesoma anayo. Humkamata kwa kosa ambalo mwenzake wa dawati la jirani naye analo. Rimeki hutambuliwa hivyo hivyo.

Kipimo kizuri kupita vyote ni nge. Ovid, mshairi wa Kirumi, anasimulia kwamba damu ya Medusa ilidondoka juu ya jangwa la Libya ikazaa nyoka. Filamu ya 1981 ikageuza: damu inadondoka kutoka kwenye kichwa cha Medusa, wanatokea nge wakubwa. Ya 2010 ikawabakiza nge lakini ikabadilisha damu. Sasa ni ya Calibos, aliyekatwa mkono. Kwa hiyo kilichobaki ni kile alichozua mtu wa 1981, na kilichotupwa ni kile cha kale. Aliyekuwa anamtazama Ovid asingefika hapo. Alikuwa anatazama filamu.

Jina nalo linasema. Matitani ni kizazi cha miungu kilichotangulia, watoto wa Uranus na Gaia, waliopigwa na Zeus na kufungiwa Tartarus, shimo la kuzimu. Katika filamu ya 1981 Zeus anamwita Kraken Titani wa mwisho, basi angalau jina lina pa kushika. Katika ya 2010 Kraken ametengenezwa na Hades, mungu wa kuzimu, kwa nyama ya mwili wake Hades, na Matitani wamekwisha kushindwa hadithi inapoanza. Jina limebaki kwa kuwa ndilo jina la filamu ya kwanza.

Na kuhusu mwenyewe: Perseus hana, Calibos anaye. Ya 1981 ilikuwa ya kampuni ya filamu ya MGM. Maktaba ya filamu zao za zamani ikanunuliwa na kampuni ya Turner mwaka 1986, na Turner ikaingia Time Warner mwaka 1996. Ndiyo maana ya 2010 ilitolewa na Warner Bros., tawi la filamu la Time Warner, na jina la Beverley Cross limo kwenye orodha ya waandishi.

Bajeti haihusiki na maana ya neno, ingawa wengi hudhani fedha nyingi ndizo zinazofanya kitu kuwa rimeki. Ya kwanza iligharimu takriban dola milioni 15, ya pili milioni 125. Wala ile 3D iliyobandikwa harakaharaka baada ya filamu kupigwa kwa kamera za kawaida, ikalalamikiwa kila mahali, haiongezi wala haipunguzi kitu hapa.

Kwa hiyo, ndugu, pati tuu unayoitafuta ni Wrath of the Titans ya 2012, inayoendeleza hadithi ya ile ya 2010. Hercules mbili za 2014 ni filamu mbili zilizochota kisima kimoja bila kuchungulia ndoo ya mwenzake. Na ukimkuta tena yule mjuzi, mwambie kwa upole aitazame ya 2010 pale Perseus anapochomoa bundi wa chuma katikati ya silaha na kuambiwa amwache hapo hapo, kisha amuulize Mgiriki yeyote wa kale bundi huyo ni wa nani.