Uwiano wa mota na enkoda: pima kabla ya kufunga mzunguko

Karakana zinazochonga nakshi za milango kwa mashine ya kompyuta, Unguja na Pemba, hukutana na tatizo hili: mota inatikisika imesimama, au alamu inalia ingawa hakuna kilichokwama. Mara nyingi mota ni nzima. Kontrola, yaani kifaa kinachoiagiza mota, hulinganisha hatua ilizoagiza na hesabu inayorudi kutoka kwenye enkoda, kifaa kinachopima kiasi cha kuzunguka; kulinganisha na kusahihisha huko ndiko kunaitwa kufunga mzunguko. Uwiano ukikosewa, inasahihisha kosa lisilokuwepo.

Tuchukue mota ya digrii 1.8, yaani hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, yaani kifaa kinachoipa mota umeme hatua kwa hatua, ikigawa kila hatua mara 16, zinakuwa hatua ndogo 3,200. Puli ya mota ina meno 20 na ya skrubu inayosogeza mashine meno 60, kwa hiyo mzunguko mmoja wa skrubu unataka hatua ndogo 9,600. Enkoda ya mistari 1,000 iliyofungwa kwenye skrubu, ikisomwa kingo zote nne za ishara zake mbili, A na B, inatoa hesabu 4,000. Uwiano ni 4,000 kwa 9,600, au 5/12.

Kontrola ikikubali sehemu, andika 5/12. Ukiandika 0.4167, kwa skrubu inayosogea milimita 5 kila mzunguko, safari ya milimita 1,200 inaleta hesabu 77 za ziada, karibu milimita 0.1. Kontrola inayovumilia tofauti ya hesabu 10 haitatulia hapo.

Sasa pima. Zima nguvu ya mota, acha enkoda na umeme wake. Tia alama kwenye skrubu, izungushe kwa mkono mara moja. Ukiona 1,000 badala ya 4,000, kontrola inasoma ukingo mmoja tu. Kisha washa tena nguvu ya mota na, kabla ya kufunga mzunguko, agiza mota isogee mbele polepole: hesabu lazima ipande. Ikishuka, badilisha nafasi za nyaya za A na B. Ukifunga mzunguko bila kurekebisha hili mota itakimbia, kwa hiyo kitufe cha dharura kiwe karibu na mkono.

Sogeza mbele kidogo kuondoa ulegevu wa mkanda, rudisha hesabu kwenye sifuri, agiza hatua ndogo 192,000, yaani mizunguko 20 ya skrubu. Unatarajia 80,000. Rudia kwa umbali maradufu:

- Pengo kati ya hesabu uliyotarajia na uliyosoma likiongezeka maradufu, uwiano si sahihi; hesabu meno ya puli upya.
- Likitokea pale tu unapogeuza mwelekeo, mkanda umelegea.
- Likiwa 27, 53 au 80, mota imepoteza hatua: ikiteleza huruka hatua kamili nne nne, na kila mruko ni karibu hesabu 27.
- Likibadilikabadilika ovyo, kagua skrubu ya kubana enkoda, vumbi la mbao kwenye kisahani chake, na pini zilizoliwa na hewa ya chumvi. Kebo ya enkoda ipite mbali na ya mota.

Ulegevu wa nati ya skrubu enkoda hii haiuoni kabisa. Huo unapimwa mezani, kwa saa ya kupimia.