Insulini ya msingi si "sindano ya usiku"

Juzi kwenye benchi la kliniki mama mmoja wa makamo alikuwa akimsimulia mwenzake: "Mie juzi jioni sikula kitu, nikaona na ile sindano ya usiku niiache tu, ya nini?" Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Nina kisukari aina ya kwanza, mwaka wa kumi na sita huu, na maneno hayo nimeyasikia kwa sura zote. Mama simlaumu, jina ndilo lililompoteza.

Insulini ya msingi ni ile inayoizuia sukari ambayo mwili unaitoa wenyewe, uwe umekula au hujala. Ini halilali. Usiku kucha, na kati ya mlo na mlo, linamwaga sukari kwenye damu ili ubongo na moyo vipate nguvu, na kongosho lenye afya hulijibu kwa insulini kidogo kidogo bila kukoma. Langu halitoi, basi najidunga. Chakula kina insulini yake, ile ya haraka unayojidunga ukikaribia kula. Maana ndiyo hiyo.

Sasa hilo jina. Wengi wetu tulianzishiwa sindano hii saa tatu au saa nne usiku, ikabaki kuitwa ya usiku. Ukishaiita hivyo, akili inakwenda moja kwa moja kwenye sahani ya usiku, na aliyelala bila kula anajiona hadaiwi. Kwa mwenye aina ya kwanza hilo ni jambo la hatari. Ini likikosa wa kulizuia, mwili unayeyusha mafuta, damu inajaa asidi, mtu anatapika, anahema mbio mbio, na kesho yake yuko wodini. Hata homa ikikushika na chakula hakipiti, hii haiachwi. Na wapo wanaotumia glajini, inayokaa karibu siku nzima, wakaamua kujidunga asubuhi. Namjua mmoja anayekunywa chai yake saa moja na nusu huku akisema, "Ngoja kwanza nichome ya usiku."

Manesi wa zamani walikuwa na jina zuri zaidi, Lente. Ni Kilatini, maana yake polepole. Insulini ya jina hilo ilitoka Denmark miaka ya 1950, ikicheleweshwa kwa madini ya zinki. Kichupa unachopewa leo kinaandikwa NPH, na hiyo H ni Hagedorn, daktari wa huko huko Denmark. Ni dawa tofauti, lakini mdomoni mwa watu Lente imeng'ang'ania, nami sioni ubaya, maana walau polepole inakutajia kazi yake. Ila NPH nayo ina kilele, yaani wakati inapofanya kazi kwa nguvu zaidi, baada ya muda wa saa nne mpaka nane hivi, ndiyo maana aliyejidunga saa nne usiku anaweza kushtuka saa tisa kalowa jasho, sukari imeshuka. Mwenye Mixtard ndiye hana kabisa ya msingi ya kuigusa peke yake: ndani ya kichupa kimoja mna asilimia 30 ya haraka na 70 ya NPH. Akiongeza yuniti mbili, ameongeza zote.

Kwa hiyo anayesema "dozi yangu ya usiku ni ndogo, mchana sukari inapanda" amepima kitu kingine. Ya msingi hupimwa pale chakula kisipokuwapo: ukienda kulala, saa tisa usiku, kisha alfajiri. Ukilala na sukari ya 8 (kwa kipimo cha mmol/L) ukaamka na 7.6, ya msingi iko sawasawa, hata kama hiyo 8 huipendi. Hiyo 8 ni ya ugali, kazi ya insulini ya chakula. Ukilala na 8 ukaamka na 13 siku tatu mfululizo, na saa tisa haikushuka, hapo una la kumwambia daktari. Mara nyingi huongezwa yuniti mbili hivi, ikangojwa siku kadhaa. Haiongezwi kila asubuhi kwa hasira.

Na kabla hujaongeza, jipapase tumbo. Mimi nilipandishwa mpaka yuniti 28 huku kulia kwa kitovu kuna donge laini kama unga uliokandwa, ambalo nesi ndiye aliyeligundua kwa vidole. Ukijidunga pale pale kila siku, insulini yenyewe inayanenepesha mafuta ya chini ya ngozi. Pale hapaumi, ndiyo maana mkono unapapenda, na dawa ikiingia humo inatoka inavyotaka yenyewe. Nilipohamia pajani na dozi ile ile, saa tisa usiku kipimo kilisoma 2.9, sukari imeshuka mno, nikamaliza soda nimesimama jikoni gizani. Tukashuka mpaka 22. Siku hizi nazunguka: tumbo, vidole viwili mbali na kitovu, halafu mapaja, na kila tundu jipya upana wa kidole kutoka la jana.

Yule mama nilimsogelea tukingoja dirisha la dawa. "Samahani mama, ile sindano si ya wali, ni ya ini." Akanitazama kidogo, kisha akauliza kama ini nalo linafunga Ramadhani. Nikamwambia halifungi, kwa hiyo mwezi ukikaribia aongee na daktari mapema wampangie dozi, ila asiiache.