"Nimeshaliosha, wewe paka tu": dhana potofu kuhusu silanti ya gari

"Fundi, usijisumbue, gari nimeliosha asubuhi. Wewe paka tu." Maneno haya nimeyasikia mno, sasa mteja akianza tu namalizia mwenyewe. Akilini mwake, maandalizi ni ujanja wa kuongeza bili. Kumbe kupaka silanti, yaani utando wa kulinda rangi ya gari, ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, hata mtoto ukimwelekeza anaweza. Kinachokula siku nzima ni yale ya kabla yake, na hayo ndiyo watu wanataka niyaruke.

Dhana: gari lililooshwa ni gari safi

Ukweli ni kwamba shampuu huondoa uchafu uliokaa juu ya rangi. Uliong'ang'ania hauondoi, hata uoshe mara tatu. Kila ukikanyaga breki, diski na pedi hutoa vumbi lenye chembe za chuma, nazo zikiwa na moto. Zinatua kwenye milango na kwenye bampa la nyuma, zinajichomeka kwenye kliakoti, lile tabaka angavu linalofunika rangi, kisha zinapata kutu humohumo. Ongeza lami inayorushwa na matairi, utomvu wa miti, chokaa ya maji yaliyokaukia juani, na ukungu wa rangi kama jirani alikuwa anapuliza geti lake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotishika na povu.

Kama unabisha, fanya hivi. Osha gari, likaushe, kisha vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi na upitishe vidole polepole juu ya boneti. Mfuko unapunguza msuguano wa ngozi, kwa hiyo vidole vinasikia vitu ambavyo vikiwa vitupu visingevisikia. Rangi iliyo tayari huteleza kimyakimya. Isiyo tayari utasikia chengachenga, na wengi wakizisikia hunyamaza ghafla.

Wasionyamaza nawapulizia dawa ya kuondoa chuma kwenye mlango mmoja, kivulini, bodi likiwa baridi. Dawa inashuka haina rangi. Baada ya dakika chache vinaanza kutokea vidoa vya zambarau, vinarefuka, vinachuruzika hadi kizingitini, na harufu yake kali ya salfa inajaa hewani. Gari ni jeupe, limeoshwa asubuhi. Sihitaji kueleza zaidi. Angalizo moja tu: dawa hiyo isikaukie kwenye rangi. Iwahi na maji mengi.

Kwa nini nalisumbukia hili? Kwa sababu silanti ni polima, na kazi yake ni kuishika kliakoti yenyewe. Ikikuta lami, mabaki ya nta au mafuta, itashika hivyo, na siku hivyo vikitoka nayo inatoka. Ndiyo maana unaona gari linateleza maji vizuri juu ya paa, lakini chini ya milango limeshakuwa na mabaka kabla ya miezi miwili. Mwenye gari anasema aliuziwa silanti feki. Silanti haikuwa na kosa lolote.

Utaratibu wangu haubadiliki: kuosha, kutoa lami, kutoa chuma, halafu klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi. Klei huja mwisho ili ikute mabaki machache. Kata kipande kidogo, kikande kiwe bapa, lowesha bodi kwa kilainishi au maji ya shampuu ya gari, kisha kipitishe kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni utasikia mkwaruzo hafifu na mkono utakuwa unakamata. Ukianza kuteleza na sauti ikakatika, hapo umemaliza. Kunja kipande utoe upande safi, endelea. Kikidondoka chini, kitupe. Kuna watu wanakisuuza bombani na kuendelea! Mchanga ukishaingia kwenye klei hautoki, na kuanzia hapo unapiga gari msasa kwa mkono wako.

Dhana: silanti itaficha mikwaruzo

Haitaficha. Utando wake ni mwembamba mno, na mng'ao unaouongeza unaweza hata kuionyesha zaidi, hasa kwenye rangi nyeusi. Ile mikwaruzo ya duara unayoiona jua likipiga imetokana na sponji chafu na vitambaa vikavu, na inayoishughulikia ni polishi. Klei nayo huacha alama zake ndogo, kwa hiyo kazi ya polishi mara nyingi ipo upende usipende.

Hapa wengine hugeukia upande wa pili, wanataka wapigwe polishi kila mwezi. Polishi inang'aza kwa kupunguza kliakoti, na kliakoti ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 35 hadi 50 tu, nyembamba kuliko unywele. Ikiisha imeisha, kinachobaki ni kupaka rangi upya. Mimi huanza na pedi laini kuliko zote na polishi nyepesi kuliko zote kwenye eneo dogo, nusu mita kwa nusu mita. Ikitosha, ndiyo hiyohiyo kwa gari zima. Mkwaruzo unaonasa ukucha nauacha kama ulivyo. Mwenye gari akinung'unika, namwambia afadhali mkwaruzo kuliko doa lisilo na kliakoti.

Dhana: gari jipya halihitaji maandalizi

Jipya kwako. Kabla hujakabidhiwa funguo limesafirishwa kwa meli, treni au lori, limekaa yadi kwenye vumbi na jua, na limefutwa na mtu mwenye haraka na kitambaa kikavu. Mara nyingi halihitaji polishi nzito, lakini dawa ya chuma na kipimo cha mfuko wa nailoni havijali kama gari ni jipya.

Dhana: sabuni ya vyombo inatosha kuvua kila kitu

Imetengenezwa kwa mafuta ya sufuria. Itapunguza nta iliyokwisha kuchoka, basi. Chuma na lami itaviacha, na silanti ya zamani iliyoshika vizuri itaicheka. Ukishapiga polishi, kinachobaki juu ya rangi ni mafuta ya polishi yenyewe, na hayo ndiyo yanayojaza mikwaruzo na kukudanganya kuwa imetoka. Yafute kwa alikoholi ya aisopropili iliyochanganywa na maji, mimi natumia kati ya asilimia 10 na 25, bodi likiwa baridi, kwa taulo mbili za maikrofaiba: moja ya kupakia, moja ya kukaushia. Usifute kwa nguvu. Kama mikwaruzo imerudi baada ya kufuta, haikuwahi kutoka.

Dhana: maji yakijikusanya matone, rangi iko sawa

Nta ya miezi iliyopita nayo hufanya hivyo, na chini yake chuma kinaendelea kula. Matone yanakuambia juu kuna kitu kinachosukuma maji. Hayakuambii chini yake kuna nini.

Dhana: ukipaka nene inadumu

Ziada yote utaifuta kwa taulo, na utaifuta kwa jasho. Paka nyembamba, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, na uliweke gari mbali na maji mpaka silanti ikae.

Dhana: gari likitoka kupigwa rangi, liwahi silanti kabla halijachafuka

Hii ni kinyume kabisa. Kiwandani bodi huokwa kwenye joto linalozidi nyuzi 120 kabla ya kufungwa plastiki na nyaya. Gereji haiwezi kuthubutu, inaishia kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo tina, yaani kiyeyusho cha rangi, inaendelea kutoka taratibu wiki nyingi baada ya rangi kuonekana imekauka. Ukiifunika rangi hiyo kwa silanti mapema unaizuia kukomaa. Watengenezaji wengi wa rangi hutaja siku 30 hadi 90, kutegemea aina ya rangi na ilivyokaushwa. Katika kipindi hicho osha kwa maji na shampuu nyepesi tu, klei na polishi ziweke kabatini. Aliyelipulizia ndiye anayejua katumia rangi gani, kwa hiyo muulize yeye kwanza, kisha ndiyo uje kwangu.