Je, wajua kwa nini mbayuwayu huondoka Uingereza kabla ya baridi?

Kila Septemba na Oktoba, majani yanapoanza kupukutika huko Uingereza, huandaliwa matembezi ya asubuhi ya kutazama ndege. Watu wachache hufuatana na mwongozaji anayewatambua ndege kwa sauti, darubini shingoni, wakienda polepole. Wengi huja wakiamini kwamba ndege wanaoondoka wanaikimbia baridi. Sivyo. Manyoya ni blanketi zuri mno: yupo kindege wa buluu na manjano asiyefika hata gramu 15, naye hubaki huko hata theluji ikianguka.

Kinachowafukuza ni njaa. Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka, na baridi ikiingia wadudu hao hufa au hujificha. Robini, yule mwenye kifua chekundu, huokota minyoo na buibui chini na kula matunda madogo ya vichakani, kwa hiyo robini wengi hubaki. Ndiyo maana naona swali la maana kuliko yote katika matembezi hayo ni hili: huyu anakula nini?

Swali hilohilo huwafaa wanyama wadogo walio ardhini, na hapo ndipo inapolipa kuinama. Kalunguyeye naye huishi kwa mbawakawa na minyoo, lakini hana mabawa ya kumpeleka Afrika. Basi hula mpaka anenepe, hujijengea kiota cha majani makavu, kisha hulala miezi kadhaa huku mwili ukipoa na moyo ukipiga polepole sana. Popo hufanya vivyo hivyo. Konokono hujifungia ndani ya gamba kwa ute unaokauka mlangoni.

Lakini mbayuwayu huondoka wadudu wangali wapo. Amejuaje? Husoma urefu wa mchana. Katika miaka ya 1920, huko Edmonton, Kanada, mwanabiolojia William Rowan aliwaweka ndege kwenye vizimba vya nje wakati wa baridi kali, akawawashia taa za umeme na kuurefusha mwanga kidogo kidogo. Baridi ilikuwa ya kuua, lakini viungo vyao vya uzazi vilikua kana kwamba majira ya kuchipua ya kaskazini yamefika. Mwanga ndio uliowaamuru.

Siku zinapofupika, wasafiri hawa hula bila kuchoka. Baadhi ya vindege wala wadudu hukaribia kuongeza uzito wao maradufu kabla ya kuvuka Sahara. Wengi wao huruka usiku, hewa ikiwa baridi na mwewe wakiwa wamelala, ili mchana upatikane wa kula. Mbayuwayu husafiri zaidi mchana, kwa kuwa hula akiwa hewani.

Zamani hata wasomi waliamini kwamba mbayuwayu hulala matopeni mpaka baridi iishe. Jibu lilikuja na pete nyepesi yenye namba ya kumtambulisha ndege: mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Hizo ni karibu kilomita 10,000, kwa ndege wa gramu 20 hivi!

Wasomaji wa Kenya wana mahali pao pa kuushuhudia msafara huu. Ngulia, Tsavo Magharibi, usiku wa Novemba na Desemba usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka, taa za hoteli huwavuta ndege wanaopita juu. Tangu mwaka 1969 wataalamu huwanasa hapo kwa nyavu laini, huwavisha pete na kuwaachia.

Karibu na ikweta, hata hivyo, mchana haubadiliki urefu kwa kiasi cha kuonekana. Ndege aliyeko huko atajuaje wakati wa kurudi? Mtafiti Mjerumani Eberhard Gwinner aliwafungia vindege wahamaji mahali penye saa 12 za mwanga na 12 za giza mwaka mzima. Msimu wao ulipokaribia, bado walianza kurukaruka usiku wakitaka kuondoka. Wana kalenda ndani ya mwili. Kwa hiyo Machi na Aprili mbayuwayu huelekea kaskazini hata kama mvua za masika zimejaza wadudu Tsavo. Mwezi Juni mchana wa Uingereza huzidi saa 16, na mzazi mwenye makinda anazihitaji zote.