Taiti endi si risiva aliyenenepa

Msimu haupiti bila mtu kunieleza kwamba, katika futiboli ya Marekani, taiti endi (anayesimama mwisho wa mstari, akizuia walinzi na kudaka pasi) ni risiva (mdakaji pasi wa pembeni) aliyezidi kilo. Tangu mapenzi ya taiti endi Travis Kelce na mwimbaji Taylor Swift yaanze, wanaonieleza hivyo wameongezeka maradufu. Basi, leo tuelewane.

Sheria kwanza, haraka. Wanaoshambulia huweka angalau watu 7 mstarini, pale mpira unapoanzia, na kati yao ni wale wawili wa pembeni kabisa tu wanaoruhusiwa kudaka pasi. Risiva akisimama mstarini nje ya taiti endi, amemfunika. Aliyefunikwa akikimbilia pasi, ni adhabu ya yadi 5. Hatua moja tu ya kusimama vibaya inamgeuza mdakaji kuwa mzuiaji.

Kudaka kwenyewe kuna maswali njiani. Kwenye yadi ya 6 hivi taiti endi anamtazama lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari: lainibeka akimfuata, akate aendelee kukimbia; lainibeka akilinda eneo, asimame kwenye pengo amgeukie kwotabeki, mrushaji wa pasi. Yeye na kwotabeki wasiposoma jambo moja, mpira unaishia kwa mlinzi na lawama anazibeba kwotabeki.

Sasa kuzuia, ambako mabingwa wa takwimu hawatazami kabisa. Mbio za mwenye mpira zinaelekea nje, na endi wa ulinzi (mlinzi wa mwisho wa mstari) mwenye kilo 120 amesimama kwenye bega lako la nje. Kazi yako ni kulifikia bega lake la nje umfungie ndani. Hatua ya kwanza ni ya mguu wa nje, fupi, sentimita 15 hivi. Ukiirefusha, atakugonga mguu ukiwa hewani, na mtu wa mguu mmoja husukumwa na yeyote. Mguu wa pili utue kabla hamjagusana. Mikono kifuani, viwiko ndani, gumba juu. Mkono ukitoka nje ya kiwiliwili na kung'ang'ania jezi, waamuzi wanarudisha yadi 10 na mbio zote nzuri zimekufa. Makalio yawe chini kuliko yake. Tena usiinamishe kichwa! Ukiinama unaona nyasi, yeye anauvuta mkono wako na kupita.

Michoro ya makocha inaonyesha mshale unamzunguka endi kana kwamba amelala. Akisimama nje zaidi, mara nyingi hafikiki. Taiti endi mwenye akili anamsukuma hukohuko anakokimbilia, na mkimbiaji anakata ndani. Hapo taiti endi ameshinda au ameshindwa? Mkimbiaji akisoma upesi, uzuiaji unaonekana safi. Akichelewa, uleule unaonekana mbovu. Mimi mwenyewe hubadilisha alama ninayompa mzuiaji nikirudia kutazama mkanda, kwa hiyo alama za kuzuia zenye desimali hunichekesha.

Anayedhani jina la nafasi ni pambo amuulize Jimmy Graham, aliyechezea New Orleans Saints. Msimu wa 2013 alipangwa mbali na mstari katika takriban asilimia 67 ya mara mpira ulipoanzishwa akiwa uwanjani, akadai ni risiva. Mwaka 2014 msuluhishi Stephen Burbank akaamua kuwa ni taiti endi. Kima cha kumzuia mchezaji asihame kilikuwa dola milioni 7 na ushee kwa taiti endi, zaidi ya milioni 12 kwa risiva. Baadaye Saints walimpa mkataba wa miaka 4 wa milioni 40, lakini mjadala alianza nao akiwa chini.

Mtaniletea taiti endi Antonio Gates kama ushahidi kwamba kazi hii ni rahisi: alitoka mpira wa kikapu chuoni Kent State na kumaliza na tachidauni 116, yaani mara 116 za kufunga kwa kufikisha mpira eneo la mwisho. Sawa. Nitajieni watano wengine.

Kisha mwili. Risiva huanza na nafasi mbele yake. Taiti endi hugongana karibu kila mpira unapoanzishwa, na wenzake wakianguka wanaangukia magoti na vifundo vyake. Taiti endi Rob Gronkowski alipasuliwa mgongo mara kadhaa, akastaafu mwaka 2019 akiwa hajatimiza miaka 30, ingawa alirudi mwaka uliofuata. Mwingine, John Mackey wa timu ya Colts, alimalizia maisha na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mpango wa kugharimia matunzo ya wachezaji wa zamani wenye maradhi hayo unaitwa 88, namba ya jezi yake. Tunafundisha kichwa juu, na inasaidia kuona. Kama inaokoa ubongo kwa migongano midogomidogo ya misimu 10, siwezi kumwahidi mzazi yeyote.