Lori lililokunywa AdBlue kupita kiasi

"Fundi, hili gari linabugia AdBlue kama maji, na taa haizimi." Dereva alikuwa anatoka Tunduma kwenda Dar, amesimama Iringa. Gereji moja njiani ilishambadilishia nozeli ya kuipulizia. Kompyuta ilikuwa inalalamika NOx nyingi, yaani oksaidi za nitrojeni, kwenye mdomo wa ekzosi. Nilisogeza pua: harufu ya choo cha stendi kisichomwagiwa maji. Amonia hiyo.

AdBlue ni dawa ya kusafisha moshi wa dizeli: urea asilimia 32.5, inayobaki ni maji yaliyotolewa madini. (Ya kukoroga mwenyewe kwa mbolea ya dukani usijaribu, uchafu wake unaua kichocheo, kile kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi.) Inapulizwa kwenye moshi wa moto, urea inavunjika kuwa amonia, na ndani ya kichocheo amonia inakutana na NOx, zinatoka nitrojeni na mvuke. Hesabu yake ni karibu gramu 2 za AdBlue kwa kila gramu ya NOx. Sensa ya mbele, kabla ya kichocheo, inapima NOx, kompyuta inazidisha kwa wingi wa moshi, nozeli inaamriwa. Ingeishia hapo, kazi hii angeifanya muuza duka na mizani yake.

Tatizo ni kwamba kichocheo ni ghala. Kikiwa hakijapata moto sana kinashika amonia nyingi, kikichemka kinaiachia. Lori limetambaa nusu saa kwenye foleni ya mzani, kisha linapanda mlima Kitonga na mzigo kamili: amonia iliyolala inaamka kwa pamoja hata nozeli ikiwa imefungwa. Kwa hiyo kompyuta lazima itunze daftari la stoo ambayo haina geji, ikikadiria, kwa kufuata joto, kilichoingia, kilichotumika na kilichobaki. Chini ya nyuzi 200 hivi hainyunyizi kabisa, maana urea ingekauka bombani ikawa ukoko mweupe.

Halafu kuna sensa ya nyuma, baada ya kichocheo. Hiyo haitofautishi NOx na amonia. Zote inazisoma kama NOx. Dozi ikizidi, amonia inavuja, namba inapanda, na kompyuta isiyo makini inaongeza dozi tena. Iliyotengenezwa vizuri hubadilisha dozi kidogo kisha ikatazama namba inaelekea wapi.

Nami nilifanya hivyohivyo kwa mkono. Nikapanda naye, mashine ya kupimia mapajani. Kwenye vilima kabla ya Ilula, moshi ukiwa nyuzi 350, nilipunguza dozi kwa theluthi moja. Dakika kadhaa kimya, ghala linapungua. Kisha namba ya nyuma ikaanza kushuka. Ingekuwa NOx kweli, ingepanda.

Sasa nani aliyekuwa anaagiza dozi kubwa hivyo? Tulipoteremka Kitonga nilimwomba dereva atoe mguu kwenye mafuta, gari lishuke kwa gia na breki ya ekzosi. Dizeli haiingii, hakuna kinachoungua, NOx ya mbele inatakiwa iwe karibu na sifuri. Sensa ya mbele ikang'ang'ania sehemu 180 kwa milioni kona baada ya kona. Imechoka, inaongeza chumvi kwenye kila kipimo, na kompyuta inaiamini.

Tulibadilisha sensa hiyo tu. Nozeli ya zamani dereva alikuwa ameihifadhi chini ya kiti, imefungwa kwa gazeti. Niliikagua matundu yake kwa tochi: safi kabisa.